Mbili Nukta Moja

Saa nane usiku Kimara hulala nusu.
Baa imezima muziki, mbwa wamechoka,
malori ya Morogoro yanapita moja moja.
Hiyo ndiyo saa yangu ya kazi.
Naweka fimbo ya chuma juu ya valvu,
sikio juu ya fimbo,
nabana pumzi.

Bomba zima huguna. Linalovuja hunong'ona,
sss,
kama mtu mwenye neno la kukwambia
na mwenye nyumba hajaondoka sebuleni.
Sauti hizi nilifundishwa na Fundi Nghumbi,
miaka thelathini akifungua valvu, akifunga valvu,
na leo hasikii hata adhana.
Ila mshikishe fimbo, atakusomea kwa kiganja:
"Hapa. Chimba hapa. Mita moja na nusu."
Hakosei sana.
Jumanne alikosea,
tukafukua choo cha watu.

Ramani inasema: chuma, milimita mia saba na hamsini,
lilizikwa mwaka alioolewa mama yangu.
Ramani inasema mengi. Inasema hapa ni shamba la mikorosho.
Hapa ni duka la saruji, saluni ya Mama Nasra,
na ukuta ambao mwenyewe, alipoulizwa,
aliapa kwamba bomba ndilo lililomfuata.

Asubuhi tunashuka shimoni.
Tope jekundu, pampu inakohoa.
Nakwangua kutu kwa brashi ya waya, napaka jeli
kama ile niliyopakwa tumboni Mwananyamala
siku walipokuwa wakitafuta moyo wa mwanangu.
Nagandisha kipimo, nasoma:
tisa nukta mbili.
Nane nukta nane.
Nane nukta tisa.
Lilipotoka kiwandani lilikuwa kumi;
nalipiga kofi la mgongoni, mzee, umejitunza.
Nane nukta sita.
Kisha napitisha mkono chini ya tumbo lake,
pale ambapo vidole hufika na jicho halifiki:

mbili nukta moja.

Narudia. Mbili nukta moja.
Napaka jeli upya. Mbili.

Natoa mfukoni sarafu ya mia mbili,
naitazama ubavu.
Unene kama huu ndio uliozuia mto mzima
usiingie vyumbani mwa watu usiku kucha,
nami juu yake nikisikiliza,
sikusikia kitu.

Ukingoni watoto wameshajaa.
"Dada, maji yanatoka lini?"
Ninayo majibu mawili.
Nikiandika daraja la nne, tutarudi kulitazama mwakani,
na leo mtaoga.
Nikiandika la tano, tunafunga sasa hivi,
siku sita, pengine saba; ndoo itapanda bei,
mwenye boza atanunua boza la pili.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakufika ofisini kwetu.
Kwetu yanazoleka: yana safu yake kwenye jedwali,
"yaliyopotea", na tarakimu zake hazina haya.
Na waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta
walikuwa na bahati ya ukuta.
Hapa ni barabara itakayozama
pamoja na viti vya saluni, na vioo, na aliyekaa.

Fundi Nghumbi anaingiza kiganja chini ya bomba,
anakaa nacho huko kama anayepima homa ya mtoto.
Namuuliza kwa ishara: ngapi?
Ananyoosha vidole vinne.
Anatazama juu, kwenye miguu ya watoto
iliyopangana ukingoni.
Gumba linachelewa,
linachelewa,
kisha linafunguka.

Mama Nasra anainama, povu mpaka viwikoni.
"Jamani, nina vichwa vitatu vya kusuuza!"
"Suuza sasa hivi," namwambia,
"halafu jaza kila chombo ulicho nacho.
Hata vikombe vya chai."

Naandika tano.
Karatasi imelowa, wino unatawanyika.
Naandika tena, kwa kukandamiza.